Redio Ilipobadilishiwa Pishi: Kisa cha New York, 2008

Tuseme kuna mama anayekaa Harlem, jijini New York, mwaka 2006. Posta imemletea kijitabu chembamba, na ndani ya bahasha mna noti chache za dola, shukrani ya mapema. Kijitabu kina siku saba, Alhamisi hadi Jumatano. Anachoombwa ni kuandika kila anaposikiliza redio: kituo gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na yuko wapi, nyumbani, garini, kazini au kwingineko. Mama ana shughuli zake. Jumatano usiku anakuta nusu ya kurasa bado tupu, anashika kalamu na kujaza anachokumbuka. Asubuhi za kazi: WBLS, saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Jioni: WBLS. Jumapili: 98.7 Kiss, tangu kipindi cha mazungumzo kilipoanza mpaka kikaisha. Kesho yake anakitia kijitabu kwenye sanduku la posta, na kazi yake imekwisha.

Sasa mpe mama huyohuyo, mwaka 2008, kidude cha kubana kiunoni chenye umbo la peja za zamani. Hiki hakimwulizi chochote. Kazi yake ni kutega sikio. Kila kituo kinachoshiriki kwenye upimaji huficha ndani ya matangazo yake alama ambazo sikio la binadamu halizitambui, na kidude kikizinasa kinajua ni kituo gani na ni dakika gani. Mama akipanda teksi yenye redio ya habari, kinaandika. Akiingia dukani, redio ya mle ndani inapiga nyimbo za taratibu ambazo hata hakuzitilia maanani, kinaandika. Akirudi nyumbani akafungua WBLS jikoni huku kidude kimebaki ndani ya mkoba chumbani, hakiandiki kitu. Usiku anakirudisha kwenye kitako chake cha kuchajia, na taarifa zinasafiri zenyewe.

Weka majibu hayo mawili kando kwa kando. Kijitabu kinasema huyu ni mtu wa WBLS, asubuhi na jioni, kwa saa nyingi. Kidude kinasema siku yake imepitiwa na vituo kadhaa, WBLS ikiwa kimojawapo, kwa vipande vya dakika. Hakuna aliyedanganya. Kijitabu kilipima anachokikumbuka na anachokipenda. Kidude kikapima sauti zilizomfikia. Tatizo ni kwamba namba zote mbili ziliuzwa kwa jina lilelile, usikilizaji, na kwa hizo ndizo wenye matangazo ya biashara walipanga bei.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mwaka ule 2008, Arbitron, kampuni iliyopima usikilizaji wa redio Marekani, ilipoondoa kijitabu New York na kuweka kidude, kinachojulikana kwa herufi PPM, yaani Portable People Meter. Vituo vya Waafrika-Wamarekani na vya Walatino vilishuka ghafla kwenye orodha, vikapiga kelele, mambo yakafika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha Bungeni. Wengi walikieleza kama ugomvi wa namba za kweli na namba za uongo. Nimekifuatilia kwa muda mrefu, na naona maelezo hayo yanaficha jambo. Palikuwa na maswali mawili tofauti, yakasukwa pamoja mpaka yakaonekana kamba moja: kinapimwa nini, na anapimwa nani. Kwenye swali la kwanza Arbitron ilikuwa na hoja nzuri. Kwenye la pili haikuwa nayo, na vituo vilikuwa na haki ya kulalamika kwa sauti waliyolalamika nayo.

Vituo vyenyewe

WBLS haikuwa namba tu kwenye orodha. Ilimilikiwa na Inner City Broadcasting, kampuni iliyoanzishwa na Percy Sutton, aliyekuwa wakili wa Malcolm X na baadaye mkuu wa eneo la Manhattan. Mwaka 1971 yeye na wenzake walinunua WLIB ya AM, na miaka michache baadaye wakaongeza FM ya 107.5. Ndivyo weusi wa New York walivyopata redio ambayo mwenyewe alikuwa mweusi. Fedha za biashara hiyo hazikuishia kwenye mitambo. Ukumbi wa Apollo kule Harlem ulipofilisika, Sutton na wenzake ndio waliounyanyua mwaka 1981. Redio ya eneo inapofanya kazi yake sawasawa, matunda yake huonekana hata kwenye majengo.

98.7 Kiss, yaani WRKS, ilikuwa mali ya Emmis, kampuni ya Indianapolis, lakini wasikilizaji wake walikuwa walewale wa WBLS, na vituo hivyo viwili viligombania kaya zilezile. Jumapili asubuhi Kiss ilikuwa na Open Line, kipindi cha watu kupiga simu na kujadili polisi, shule, kodi za nyumba, siasa za jiji. Mmoja wa waendeshaji wake alikuwa James Mtume, mwanamuziki aliyewahi kupiga ngoma katika bendi ya Miles Davis. Naam, Mtume: jina la Kiswahili alilolipata katika harakati za weusi za miaka ya 1960. Msomaji wa Kiswahili akikuta jina hilo katikati ya historia ya redio ya Marekani ana haki ya kusimama kidogo.

Vituo hivi viliingia kwenye upimaji mpya vikiwa tayari vinadaiwa na historia. Kulikuwa na mashirika ya matangazo yaliyokuwa na maagizo ya kutonunua muda kwenye vituo vya weusi au vya Kihispania hata vikiwa juu kabisa kwenye orodha. Desemba 2007 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo kwenye mikataba ya matangazo. Kwa maneno mengine, kituo cha weusi kilihitaji namba kubwa zaidi ya jirani yake ili kilipwe sawa naye. Namba kubwa ndiyo iliyokuwa ngao. Sasa fikiria ngao hiyo inapunguzwa upana kwa mara moja.

Pishi mpya

Arbitron haikukurupuka. Ilianza mwaka 1949 kwa jina la American Research Bureau, na kazi ya kutengeneza kidude hiki ilianza miaka ya 1990 mwanzoni. Majaribio yakafanyika Philadelphia miaka ya 2000 mwanzoni. Kijitabu kilikuwa na kasoro zilizojulikana na kila mtu kwenye biashara. Watu husahau. Watu huandika kituo wanachokipenda hata siku walipokuwa kwenye kingine. Watu huzungusha saa: hakuna aliyeandika kwamba alisikiliza kuanzia saa moja na dakika 11 hadi saa moja na dakika 19, aliandika saa moja hadi saa moja na nusu.

Hapo pana siri moja ya hesabu ambayo asiyeijua hawezi kuelewa kisa hiki, kwa hiyo naieleza polepole. Redio haihesabiwi kwa dakika bali kwa robo saa. Robo hizo zimewekwa kwenye saa kama kuta: saa kamili mpaka dakika 15, dakika 15 mpaka 30, na kuendelea. Ili kituo kipewe robo saa, mtu lazima awe amekisikiliza angalau dakika 5 ndani ya kuta hizo. Rudi kwa mama yetu. Kidude kimemnasa akisikiliza WBLS kuanzia saa moja na dakika 11 hadi saa moja na dakika 19. Dakika 8 kwa jumla. Lakini ukuta uko kwenye dakika ya 15: dakika 4 ziko upande huu, dakika 4 upande ule. Hakuna robo iliyofika 5. WBLS inapata sifuri. Kwenye kijitabu, mama aliyeandika saa moja hadi saa moja na nusu alikuwa amekipa kituo robo mbili kamili.

Kanuni ya dakika 5 ilikuwa ileile kwenye vipimo vyote viwili. Ila kwenye kijitabu ilikuwa karibu haina meno, kwa sababu mkono wa mtu huandika kwa duara. Kidude hakina duara. Kanuni ya zamani ilipopewa kifaa kipya ikawa kanuni nyingine, na sijaona ikijadiliwa inavyostahili katika kelele zote za 2008.

Matokeo ya Philadelphia na Houston, ambako kidude kilianza kutumika rasmi mwaka 2007, yalionyesha sura iliyojirudia baadaye kila mahali. Idadi ya watu waliopitia kituo kwa wiki ilipanda, wakati mwingine kupita matarajio. Muda ambao kila mmoja alikaa ulishuka. Kituo kinachopigwa kwenye maduka na ofisi, chenye nyimbo laini ambazo hazimkeri mtu, kikanufaika. Kituo kilichokuwa na watu wachache lakini wa kufa na kupona kikaumia, maana nguvu yake yote ilikuwa kwenye muda wa kukaa. Vituo vya weusi na vya Kihispania vilikuwa vya namna hiyo ya pili.

Mpaka hapa naweza kumwelewa mtu wa Arbitron. Mwenye tangazo anataka kujua tangazo lake lilifika masikioni mwa nani, na hilo kidude kinajua kuliko kumbukumbu ya Jumatano usiku. Kama muda halisi wa kukaa ni mfupi kuliko tulivyodhani, basi ni mfupi, na hakuna kituo chenye haki ya kulipwa kwa saa ambazo hazikuwapo. Lakini mtu akibadilisha pishi sokoni, wa kwanza kuangaliwa si nafaka. Anaangaliwa aliyeichonga pishi, na kama pishi ileile ndiyo inayotumika kwa kila mteja.

Nani alikuwa amevaa kidude

Kijitabu kilikwenda kwa kaya mpya kila wiki. Kidude kilibaki na kaya hiyohiyo kwa muda mrefu, hata kufikia miaka miwili. Kwa hiyo watu waliohitajika walikuwa wachache zaidi. Walalamikaji walisema sampuli ya kidude ilikuwa takribani theluthi moja ya ile ya vijitabu. Kitakwimu si dhambi, kwa sababu mtu mmoja hutoa siku nyingi. Tatizo linaanza unapokata sampuli hiyo vipande vidogo, kama wanavyofanya wanunuzi wa matangazo kila siku: wanawake wa miaka 25 hadi 34, vijana weusi wa miaka 18 hadi 24.

Tuseme kipande hicho cha mwisho kina watu 30 kwenye jiji zima. Ili siku yako ihesabiwe, kidude lazima kiwe kimetembea nawe kwa muda wa saa 8, na ndani yake mna kihisi cha mwendo kinachojua kama kimebebwa au kimelazwa mezani. Tuseme vijana 12 kati ya 30 wanakisahau nyumbani, jambo la kawaida kwa kijana na kitu kisichopendeza kiunoni. Wanabaki 18 wa kusemea vijana weusi wote wa New York. Kama watatu kati yao ni wa nyumba moja na nyumba hiyo haipendi Kiss, Kiss imeanguka, na itaendelea kuanguka kila mwezi mpaka nyumba hiyo imalize muda wake. Namba hizi za 30 na 12 ni za mfano wangu, lakini utaratibu ndio huo.

Halafu njia ya kuwapata watu wenyewe. Kaya ziliandikishwa zaidi kupitia simu za mezani. Mwaka 2008 simu za mezani zilikuwa zinakufa, na zilikufa haraka zaidi kwa vijana, kwa wapangaji, kwa weusi na kwa Walatino. Walewale ambao redio zao zilianguka ndio ambao simu haikuwafikia. Arbitron ilikuwa imeanza kuongeza kaya zenye simu za mkononi tu, lakini kwa kiwango kidogo mno kulinganisha na hali halisi ya mitaani.

Kuna baraza la wenye vyombo vya habari na wanunuzi wa matangazo linaloitwa Media Rating Council, lililoundwa miaka ya 1960 baada ya Bunge la Marekani kuchunguza upimaji wa redio na televisheni na kukuta madudu. Kazi yake ni kukagua vipimo na kuvipa ithibati. Houston ilipata ithibati Januari 2007. New York na Philadelphia zilinyimwa mwanzoni mwa 2008. Kipimo kilekile, kampuni ileile, teknolojia ileile. Kwa mkaguzi mmoja kikafaulu mji mmoja na kikakwama miwili. Kilichotofautiana si masikio ya kidude. Ni sampuli na namna ilivyotunzwa. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko yote katika kisa hiki, na ulikuwapo mezani miezi mingi kabla ya mambo kuharibika.

Lakini ithibati ni ya hiari. Hakuna sheria iliyomzuia mtu kuuza namba bila hiyo.

Oktoba 2008

Arbitron ilikuwa imekwisha kuahirisha New York mara moja, mwishoni mwa 2007, baada ya vituo kulalamika. Septemba 2008 walalamikaji, waliojiunga katika muungano uliojiita PPM Coalition, wakipeleka ombi FCC, tarehe ilikuwa imeshapangwa. Oktoba kidude kikawa ndicho kipimo rasmi New York, Los Angeles, Chicago, San Francisco na maeneo ya jirani, manane kwa jumla.

Siku chache kabla, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, alikuwa ameionya kampuni. Arbitron ikawahi mahakama ya shirikisho kumshtaki yeye kwanza, ikidai haki ya kuchapisha takwimu zake. Cuomo akashtaki kwa upande wake, na mwenzake wa New Jersey, Anne Milgram, vilevile. Januari 2009 wakamalizana nje ya mahakama. Kampuni ikakubali kulipa, kuongeza kaya za simu za mkononi, kuboresha sampuli, na kujitahidi kutafuta ithibati. Mei mwaka huohuo FCC ikafungua uchunguzi wake. Desemba 2009 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Edolphus Towns, mbunge wa Brooklyn, ikasikiliza pande zote. Februari 2010 Spanish Broadcasting System, kampuni ya redio za Kihispania, ikafanya jambo ambalo halikutarajiwa: ikazima mitambo ya kutia alama kwenye vituo vyake. Ikaendelea kutangaza hewani kama kawaida, lakini kwa kidude ikawa haipo. Arbitron ikakimbilia mahakamani na kupata amri ya kuilazimisha iwashe. Aprili 2010 muungano na kampuni wakafikia makubaliano, Towns akiwa msuluhishi.

Ukiyasoma makubaliano hayo mfululizo, utaona kila mara kinachorekebishwa ni kilekile: simu za mkononi, anwani za makazi badala ya orodha za simu, ukubwa wa vipande vya sampuli, uangalizi wa wanaovaa. Hakuna hata moja lililorudisha kijitabu. Hapo ndipo naona maswali yale mawili yalipotengana hatimaye. Kidude kilibaki, waliokivaa wakabadilishwa. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni mpangilio wa matukio. Marekebisho yalikuja baada ya namba kuanza kuuzwa. Kituo kilichopoteza mikataba ya matangazo mwaka 2009 hakikurudishiwa chochote kwa sababu sampuli ya 2010 ilikuwa bora.

Jazi laini, shahidi asiyeitwa

Mtu anaweza kusema: basi tatizo lote ni sampuli. Nilidhani hivyo nami, mpaka nilipoangalia kilichoipata jazi laini, muziki wa saksafoni za taratibu uliokuwa na kituo karibu kila jiji kubwa. New York kilikuwa WQCD, 101.9. Februari 2008, namba za majaribio zikiwa zinazunguka ofisini, kikageuzwa kuwa kituo cha roki. Mei 2009 vikafuata WNUA ya Chicago na KKSF ya San Francisco. Aina nzima ya redio ikafutika kwenye masafa makubwa ndani ya miaka michache.

Wasikilizaji wa jazi laini wengi walikuwa watu wazima, wa makabila mchanganyiko, wenye ofisi. Si watu ambao simu ya mezani iliwakosa. Na muziki wao ulikuwa hasa wa kupigwa chinichini mahali pa watu wengi, kwa hiyo kwa mantiki ya kidude ungepaswa kupanda kama zile nyimbo laini nyingine. Ulishuka.

Jibu moja liko ndani ya alama zenyewe. Alama hizo hufichwa kwenye sehemu ya sauti kati ya takribani hezi 1,000 na 3,000, na hujificha nyuma ya sauti ya kituo kama mtu anavyojificha nyuma ya umati. Muziki wenye kelele zilizojaa una umati mkubwa. Saksafoni moja juu ya ngoma za brashi, au mtangazaji anayezungumza na kunyamaza, hutoa umati mdogo. Alama hulazimika kuwa dhaifu, na chumba chenye vishindo huzimeza. Mwaka 2014 hivi ulianza kuuzwa mtambo ulioitwa Voltair, kwa dola zipatazo 15,000, uliozipa alama nguvu na kumwonyesha fundi ni wakati gani zinapotea. Vituo vikaununua kwa wingi. Nielsen, kampuni ya kupima watazamaji wa televisheni iliyokuwa imeinunua Arbitron mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.3 hivi, ikaufanyia majaribio, kisha mwishoni mwa 2015 ikatoa alama zilizoboreshwa kwa vituo vyote.

Sisemi WQCD ingeokoka kama alama hizo zingekuwapo 2008. Ninachosema ni kwamba hata swali la kwanza, ambalo nimeipa Arbitron maksi nzuri, halikuwa safi kama lilivyouzwa. Kidude kiliitwa sikio lisilo na upendeleo. Kilikuwa sikio linalosikia baadhi ya sauti vizuri kuliko nyingine.

Kilichosikika hewani

Sehemu hii ndiyo wasikilizaji waliihisi bila kujua sababu. Enzi za kijitabu, kazi kubwa ya mtangazaji ilikuwa kukufanya ukumbuke jina. Ndiyo maana jina la kituo lilitajwa kila baada ya wimbo, na mashindano ya zawadi yakapamba moto Alhamisi, siku kijitabu kinapoanza. Kidude hakihitaji ukumbuke chochote. Kinachohitaji ni usiondoke. Wasimamizi wa vipindi wakaanza kusoma grafu za dakika kwa dakika na kuona mstari unavyoinama mtangazaji anapofungua mdomo. Agizo likawa lilelile kila mahali: punguza maneno. Matangazo ya biashara yakasogezwa yakae juu ya kuta za robo saa, ili kila upande ubaki na dakika 5 za muziki za kujipatia robo yake.

Kwa kituo cha nyimbo tupu hilo ni marekebisho. Kwa redio ya eneo ni kukatwa ulimi. Mtangazaji wa eneo anapozungumza ndipo anapotaja mtaa uliokatiwa maji, mazishi ya mwalimu wa zamani, mkutano wa wazazi jioni. Mstari wa grafu ukiinama dakika hiyo, grafu haijui kwamba mtu mmoja aliyebaki alikuwa na mtoto kwenye shule hiyo. Nafahamu kwamba mwenye kituo analipa mishahara kwa namba, si kwa mazishi. Hata hivyo sikubali kwamba ukimya ulioletwa hivyo uitwe matakwa ya wasikilizaji, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

98.7

Agosti 2011 wadai wa Inner City Broadcasting waliifikisha kwenye mahakama ya kufilisi. Percy Sutton alikuwa amefariki Desemba 2009. Mwishoni mwa Aprili 2012 Emmis ikatangaza kwamba masafa ya 98.7 yamekodishwa kwa ESPN kwa ajili ya michezo, na Kiss itaunganishwa na WBLS kwenye 107.5. Baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kugombania kaya zilezile, mbili zikawa moja. Open Line ikahamia WBLS. Inner City ikauzwa kwa kampuni mpya yenye Magic Johnson, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu, ndani yake, na mwaka 2014 WBLS ikanunuliwa na Emmis, ileile iliyoizima Kiss.

Je, kidude ndicho kilichoiua Kiss? Hapana, si peke yake, na nasema hivyo nikijua hoja yangu ingependeza zaidi kama ningesema ndiyo. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliruhusu kampuni kubwa kumiliki vituo bila kikomo cha kitaifa, bei za vituo zikapanda, na walionunua wakabeba madeni makubwa. Kisha uchumi ukaporomoka mwaka uleule 2008, na matangazo ya magari na benki, mkate wa redio, yakakauka. Kituo chenye deni kinaweza kuvumilia mwaka mmoja mbaya wa matangazo. Kinaweza pia kuvumilia kushushwa kwenye orodha. Kuvumilia yote mawili kwa mpigo, huku mnunuzi wa matangazo tayari ana kisingizio cha zamani cha kukuruka, ni jambo jingine. Kidude kilifika kwenye wakati mbaya kuliko wote, na kilifika na sampuli ambayo mkaguzi alikuwa ameikataa. Kampuni ingeweza kusubiri ithibati. Ilichagua kutosubiri.

Namba za kidude leo ni bora kuliko za 2008. Kaya hupatikana kwa anwani. Usikilizaji wa vipokea sauti vya masikioni, ambao kidude hakikuweza kuusikia kabisa, umekuwa ukifanyiwa marekebisho tangu 2020. Vidude vipya huvaliwa kama saa ya mkononi au kidani. Nje ya masoko makubwa yanayokaribia 50, miji midogo bado inategemea watu kuandika kwa kumbukumbu.

Na ile kanuni ya dakika 5, iliyopita salama katika kesi zote, makamati yote na makubaliano yote ya 2008 hadi 2010, Nielsen iliibadilisha Januari 2025 kwenye masoko ya kidude. Sasa ni dakika 3. Mama wa Harlem anayesikiliza WBLS kuanzia saa moja na dakika 11 hadi saa moja na dakika 19 anakipa kituo robo saa mbili. Mwezi mmoja kabla ya hapo, dakika hizohizo nane, jikoni humohumo, zilikuwa sifuri.